Juu ya Kuchagua Regulata za Gesi kwa Ujenzi wa Maghala Yetu



Wengi wenu mlitazamia kwamba katika sherehe hii ya miaka kumi tungesimulia habari za bei ya mazao. Sisi wa Kamati ya Majengo tunaomba kusema juu ya kitu kitoshacho kiganjani.

Mafundi watakata na kuchomelea vyuma vya paa la maghala kwa gesi, kwa kuwa umeme haujafika huko. Katika orodha ya vifaa iliyoletwa kwetu, regulata ziliwekwa mstari wa mwisho, na mbele yake pakaandikwa “zozote”. Neno hilo ndilo tulilolikataa.

Mtungi wa oksijeni uliojaa huwa na mgandamizo wa baa 200 hivi, nao moto wa fundi huhitaji baa chache tu. Katikati ya hayo mawili hakuna mlinzi ila regulata. Basi yasomwe kwanza maandishi yaliyochorwa juu yake: imefanywa kwa gesi gani, na kwa mtungi wa nguvu gani. Siku hizi iko mitungi ya baa 230 na hata 300. Regulata ya baa 200 haistahili kufungwa hapo.

Asetilini ina tabia yake. Ndani ya mtungi imeyeyushwa katika asetoni, nayo hutulia. Lakini ikitoka na kubanwa kupita baa 1.5 yaweza kulipuka yenyewe, pasipo hewa wala cheche. Kwa hiyo geji ya upande wa mpira iwe na alama nyekundu mahali hapo.

Sasa fedha. Regulata ya hatua moja ni rahisi, lakini kadiri mtungi wa oksijeni unavyopungua, nguvu itokayo hupanda, na fundi hulazimika kurudi kuirekebisha, au asirudi. Ya hatua mbili hushikilia nguvu ile ile mpaka mtungi unakaribia kwisha. Shauri letu ni kununua ya hatua mbili kwa oksijeni, maana kazi ya kukata ni ndefu. Kwa asetilini, ambayo mtungi wake kwa kawaida haufiki baa 20, ya hatua moja yatosha, na hapo tutaokoa kitu.

Wako walioshauri tununue zilizokwisha tumika. Hatukatai kabisa, ila zijaribiwe mbele ya karani wa stoo: valvu za bomba la kuchomelea zikiwa zimefungwa, geji ya pili itazamwe kwa dakika chache. Mshale ukizidi kupanda, kiti cha valvu kimekwisha ndani, na hata ikitolewa bure tusiichukue.

Nasi wakulima tuna hatari ya namna yetu, yaani grisi. Aliyetengeneza trekta asubuhi asiishike regulata ya oksijeni kwa mikono ile ile, kwa maana mafuta katika oksijeni iliyobanwa huwaka bila kibiriti. Wala nyuzi zisipakwe mafuta ati zimekaza. Mtungi ufunguliwe polepole, skrubu ya regulata ikiwa imelegezwa, na fundi asimame kando, si mbele ya geji.

Kila regulata ifungwe pia kizuizi cha moto urudio nyuma, kwa gesi zote mbili. Orodha mpya iko mezani pa Bwana Katibu. Twaomba ipigiwe kura kabla ya chakula, kwa sababu mafundi wanaanza Jumatatu.