Mama kwa Hiari, Hadi Mwanamume Atokee

Filamu ya The Back-up Plan, iliyotoka Marekani mwaka 2010, inaanza kwa ujasiri. Zoe, anayeigizwa na Jennifer Lopez, amechoka kungoja mume, anaenda kliniki New York kupandikizwa mbegu za mchangiaji. Siku hiyohiyo anakutana na Stan, muuza jibini, na tangu hapo swali linakuwa la Stan: atakubali kulea au atakimbia? Uamuzi wa mama umegeuzwa kikwazo cha mapenzi.

Linaloniuma zaidi ni kikundi cha akina mama wanaolea peke yao ambacho Zoe anajiunga nacho. Hao ndio wanaoishi alichokusudia Zoe, lakini wamefanywa vichekesho, hasa pale mmoja wao anapojifungulia nyumbani. Hata upande wa asili na rangi ni vilevile: Lopez mwenyewe ana asili ya Puerto Rico. Hadithi haiipi asili hiyo nafasi yoyote ya maana. Anthony Anderson, mwigizaji mweusi, anampa Stan ushauri kwenye uwanja wa watoto, basi. Sura zao tumeziona, maisha yao hatukuonyeshwa.

Natamani mmoja wa wale akina mama apewe filamu nzima, mapenzi yakiwemo, bila kuharakishwa kuolewa.