Tangu Vunja Jungu hadi Idd Mosi

Ramadhani ina mengi, na mojawapo lisilozungumzwa sana hapa Dar es Salaam ni ukimya wa kumbi za dansi. Kwa desturi, siku za mwisho za Shaabani watu huvunja jungu, bendi hupiga mpaka alfajiri, kisha mwezi ukiandama vyombo hufungiwa stoo. Mpenzi wa dansi husubiri Idd Mosi.

Nimekulia Magomeni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa shule ya msingi, nyumba ya pili kutoka kwetu alipanga mpiga tarumbeta. Jina lake nitalihifadhi. Bendi yake haikuwa kubwa kama DDC Mlimani Park, wenye mtindo wao wa Sikinde, wala OTTU, wenye Msondo wao. Hao walikuwa chini ya mashirika, na mwisho wa mwezi palikuwa na mshahara. Yeye aliishi kwa viingilio. Mlango ukifungwa mwezi mzima, hakuna kitu.

Alifunga kama sisi. Usiku, watu wakishatoka tarawehe, alikaa uani, akaziba kinywa cha tarumbeta kwa kitambaa, akapuliza polepole, maana mdomo wa mpulizaji usipofanya kazi hulegea. Mama alinituma kwake na bakuli la futari karibu kila siku. Alipokea na kusema, "Mwambie mama nitamlipa Idd." Mama hakuwa akimdai chochote, lakini hakuacha kusema hivyo.

Mwaka mmoja, katika kumi la mwisho, tarumbeta halikusikika. Kumbe ameliweka rehani kwa mwenye duka, apate nguo za Idd za watoto. Kiongozi wa bendi alilikomboa mchana wa Idd yenyewe, kwa makubaliano kwamba atamkata kwenye mapato ya usiku ule.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda disko toto. Tulipotoka jioni, ukumbi umejaa vumbi na maganda ya karanga, nikamkuta mlangoni. Akaniambia nimbebee kasha. Ndivyo nilivyoingia kwenye dansi la wakubwa kwa mara ya kwanza, nimesimama nyuma ya spika, masikio yakivuma.

Walianza na wimbo mpya, walioufanyia mazoezi mwezi mzima. Watu walisimama tu wakitazama, hawaujui. Nilimwona kiongozi akijifuta jasho kabla ya wakati. Ndipo likaja chemko, tarumbeta tatu zikaingia pamoja, na kufumba na kufumbua hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Mama mmoja akapanda jukwaani, akambandika jirani yangu noti kwenye paji la uso. Aliendelea kupuliza, noti imeganda kwa jasho. Kanda za redio tulizokuwa nazo nyumbani hazikuwahi kunionyesha jambo hilo.

Baadaye nikapata stashahada yangu ya uandishi, nikawa mtangazaji. Nimemsikiliza Muhidin Gurumo akiimba na Msondo kabla hajastaafu mwaka 2013, na vijana wengi waliokuja nyuma yake. Na kusema kweli, karibu mara zote nimeingia bure. Nikionyesha kitambulisho, mlangoni husikia, "Mpisheni mwandishi," nami napita kifua mbele. Kesho yake nakaa kwenye kipaza sauti kulalamika kwamba muziki wa dansi unakufa. Mshahara wangu mimi haujawahi kufungiwa stoo kwa sababu mwezi umeandama.

Mzee wangu yule sasa meno ya mbele yamekwisha na tarumbeta hapulizi tena. Mwanawe anapiga kinanda katika bendi, naye anaishi kwa viingilio vilevile. Juma lililopita nilimpigia simu kuuliza Idd Mosi watapiga wapi. Akanitajia ukumbi, akanitajia na bei, kisha akacheka.

"Lakini wewe kaka si unapitaga tu?"

Nimeshaweka pembeni fedha za watu wawili, mimi na mke wangu. Kitambulisho nitakiacha nyumbani.