Panda Ngong Uione Nairobi: Vilele, Maziwa na Maji Yanayopita Nyuma ya Nyumba Zetu

(Haya ni maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa kikundi cha vijana na wazazi wao, katika ukumbi wa kijamii eneo la Dagoretti, siku chache kabla ya matembezi yao ya kwanza katika Milima ya Ngong. Yamehaririwa kidogo ili yasomeke.)

 

Nimeombwa niwaeleze kuhusu safari yenu ya Jumamosi: mtapitia wapi, mbebe nini, mjihadhari na nini. Nitafanya hivyo. Lakini naomba kwanza niwasimulie kwa nini mimi mwenyewe nilianza kupanda milima nikiwa nimeshapita miaka thelathini, ilhali nimekulia Kangemi na kila asubuhi isiyo na mawingu nilikuwa nikiiona Ngong kwa macho yangu.

Mnakumbuka mvua za Aprili na Mei 2024. Mito ya Nairobi ilivunja kingo, watu wakafa, nyumba zikasombwa, na serikali ikaagiza wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Kazi yangu siku hizo ilikuwa kuandika matangazo na kuyapeleka mitaani. Jioni moja nilikuwa karibu na Mto Nairobi, kwetu Kangemi. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni, maji yamemfika kwenye ngazi. Akaniuliza, "Mwanangu, leo hapa mvua haikuwa kubwa. Haya maji yametoka wapi?"

Nilikuwa na karatasi mkononi zenye nembo ya kaunti, na sikuwa na jibu. Nilimwambia ahame, akahama. Lakini swali lake nilikwenda nalo nyumbani.

Jibu nilikuja kulipata juu ya mlima, na hata huko sikulipata siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilipata aibu.

Ilikuwa mwezi wa Julai. Tulikuwa watatu. Tuliondoka mjini tumechelewa, tukapanda matatu ya 111, tukafika Ngong karibu saa sita mchana. Mimi nilikuwa na fulana na viatu vya raba vilivyolika soli. Maji tuliyobeba yalikuwa chupa moja ya nusu lita. Tulidhani kilima unachokiona kutoka barabarani hakiwezi kukusumbua. Tulipovuka kilima cha nne, ukungu ulishuka mara moja. Mitambo ya upepo tuliyokuwa tukiitumia kama alama tukaisikia tu ikivuma, hatukuiona. Mwenzetu mmoja aliteleza akateguka kifundo cha mguu. Tulikaa chini kwenye nyasi tukitetemeka.

Aliyetuokoa ni kijana wa Kimaasai aliyekuwa akichunga mbuzi. Alikuwa amevaa koti zito na buti za mpira. Alitutazama miguuni, akacheka kidogo, kisha akatupa fimbo yake ili mwenzetu aegemee. Alitushusha polepole hadi njia ya gari. Tulipomshukuru alisema, "Huku hupandwa asubuhi. Saa nane mlima ni wa ukungu."

Hilo liwe somo la kwanza, na nalisema nikiwa mimi ndiye mkosaji: ondokeni mapema.

Nilirudi baada ya miezi kadhaa, asubuhi, nikiwa na koti na maji ya kutosha. Kilele kirefu kuliko vyote pale kinaitwa Lamwia, na kina mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Siku hiyo anga lilikuwa safi. Ukisimama hapo ukitazama magharibi, ardhi inaanguka ghafla: hilo ni Bonde la Ufa. Utaona Mlima Suswa, na mbele yake, kaskazini, Longonot. Ukigeuka mashariki utaona Karen, misitu, paa za mabati za mitaa yetu, kisha maghorofa ya katikati ya jiji, na nyuma yake nyanda za Athi.

Nilichokiona siku ile, ambacho sikuwahi kukiona nikiwa chini, ni kwamba Nairobi imeinama. Upande wa magharibi uko juu, upande wa mashariki uko chini. Kutoka Kikuyu na Dagoretti hadi Njiru ni mteremko. Mito yetu yote inafuata mteremko huo.

Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Unapita kati ya Kangemi na Kawangware, unashuka Kileleshwa na Chiromo, unapita chini ya Museum Hill, unaingia katikati ya jiji, kisha unaendelea Eastlands. Mvua ikinyesha kwa nguvu kule juu, maji yanakuja hata kama kwako kumekauka. Hilo ndilo lililokuwa jibu la yule mama. Mvua haikunyesha mlangoni pake. Ilinyesha juu yake, na akaletewa.

Sasa tuje kwa mto ulio karibu nanyi zaidi. Mto Motoine unatoka huku huku Dagoretti, unapita msitu wa Ngong Road, unafika Kibera, na unaingia Nairobi Dam. Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953. Wazee waliomo humu watakubaliana nami kwamba palikuwa mahali pa kutembea, na watu walishindana kwa mashua za tanga. Leo mtu mgeni akipita Lang'ata anaweza kudhani ni shamba. Gugumaji na tope limefunika sehemu kubwa, na taka zimejaa. Chini ya bwawa, maji yaleyale yanaitwa Mto Ngong. Yanapita Industrial Area, Mukuru na Embakasi, kisha yanaungana na Mto Nairobi.

Na hayaishii hapo. Mto Nairobi unaingia Mto Athi. Athi ukiendelea unaitwa Galana, kisha Sabaki, na Sabaki unaingia Bahari Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Kwa hiyo mfuko wa plastiki ukitupwa kwenye mtaro hapa Dagoretti, una njia iliyonyooka mpaka baharini. Wavuvi wa Malindi hawajui jina la mtaa wetu, lakini taka zetu zinaweza kuwafikia.

Kuna jambo lingine mtaliona mkiwa Lamwia. Tone la mvua likianguka upande wa mashariki wa mlima, linaweza kuingia Mto Mbagathi, ule unaopita mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, nao pia unakwenda Athi hadi baharini. Tone jingine likianguka hatua chache tu upande wa magharibi, linashuka Bonde la Ufa, na huko hakuna mto unaofika baharini. Maji ya bonde huishia katika maziwa au ardhini. Ndiyo sababu Ziwa Magadi, kusini magharibi mwa Ngong, limejaa magadi: maji yanaingia, hayana pa kutokea, jua linayakausha, chumvi zinabaki.

Wale mtakaopenda kuendelea baada ya Ngong, safari inayofuata ni Longonot na Ziwa Naivasha. Longonot ni volkano yenye mita 2,776, na ni mbuga ya taifa tangu mwaka wa 1983. Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo la volkano ni kama kilomita tatu za kupanda, na kuzunguka ukingo wote ni kama kilomita saba. Vumbi ni jingi na kivuli ni haba, kwa hiyo si mlima wa kwenda bila maji. Ukiwa juu unaliona Ziwa Naivasha lote. Nalo lina ajabu yake. Halina mto wa kutokea, lakini maji yake ni baridi, si ya chumvi, kwa sababu sehemu ya maji hupenya ardhini na kuondoka na chumvi. Maji yake mengi huletwa na Mto Malewa kutoka milima ya Nyandarua. Safu hiyohiyo ya Nyandarua ndiyo inayojaza Bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994, ambalo linatoa sehemu kubwa ya maji ya bomba tunayochota hapa Nairobi. Kwa hiyo milima ya wenzetu ndiyo inayojaza mitungi yetu.

Na kule pia maji hutoka juu. Mwaka wa 2020 Ziwa Naivasha lilipanda hadi likaingia nyumba za mtaa wa Kihoto. Na Septemba 2019, katika mbuga ya Hell's Gate iliyo jirani, mafuriko ya ghafla yaliwasomba watalii waliokuwa wakitembea kwenye korongo, na baadhi yao wakafa. Mkienda huko, mawingu yakitanda juu ya vilima, msishuke korongoni, hata kama mlipo nyinyi jua linawaka.

Sasa maagizo ya Jumamosi. Wazazi, nawaomba msikilize pamoja na vijana.

Kwanza, kukutana ni saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia saa tano tuwe tumeanza kushuka. Anayechelewa tutamwacha, safari nyingine itakuwepo.

Pili, kila mtu abebe maji yasiyopungua lita mbili, chakula kisichoharibika, kama viazi vitamu, chapati au mayai ya kuchemsha, na koti la mvua. Ngong kuna upepo mkali. Ndiyo maana mitambo ya kwanza ya kuzalisha umeme kwa upepo iliwekwa pale mwaka wa 1993. Mkisikia joto hapa Dagoretti, msidanganyike.

Tatu, viatu viwe na soli yenye meno. Nimeshawaeleza yangu yalivyonipata.

Nne, tutaingia kwa lango, tutalipa ada, na tutatembea na askari wa Huduma ya Misitu ya Kenya. Safu nzima hadi Kona Baridi ni zaidi ya kilomita kumi, na upande wa kusini una sehemu za upweke. Kikundi kisitawanyike. Mwenye kasi atamngoja wa nyuma. Vijana wa mbele, hilo nawaambia nyinyi.

Tano, mlima ule uko Kaunti ya Kajiado, na kuna watu wanaoishi na kuchunga pale. Ukikutana na mchungaji, msalimie. Usimpige picha bila ruhusa. Usiache lango la boma wazi, na usifukuze mifugo.

Sita, kila kilichopanda nawe kishuke nawe: chupa, karatasi ya biskuti, hata ganda la yai. Kila mmoja aje na mfuko wake wa taka.

Sitawaomba mfanye kingine mlimani zaidi ya jambo moja. Mkifika Lamwia, kabla ya kupiga picha, kila mtu atafute nyumbani kwao. Atafute mtaa wake, kisha auone mto ulio karibu na mtaa huo unaelekea wapi. Baadaye atafute Mukuru, kule chini.

Nasema hivyo kwa sababu sisi wa upande huu wa jiji tumezoea kulalamika kuhusu mito kana kwamba uchafu ni wa watu wa chini. Mimi pia nilikuwa hivyo. Lakini Kangemi, Kawangware, Dagoretti, Karen na Lavington ndio walio juu. Choo kinachomwagwa mtoni usiku, taka za jikoni zinazotupwa kwenye mtaro, vifusi vya ujenzi vinavyosukumwa hadi ukingoni mpaka mto unabanwa, vyote hivyo vinaanzia kwetu na kuishia kwa wengine. Wakati wa mafuriko, mfereji ulioziba huku juu ni nyumba inayozama kule chini. Kaunti ina wajibu wake wa kuzoa taka na kufungua mitaro, na mna haki ya kutudai tunapochelewa. Lakini hakuna lori la kaunti linaloweza kuzoa taka ambazo zimeshaingia majini.

Jina la mji huu linatokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka wa 1899, maji hayo ndiyo yaliyofanya mafundi wake wapige kambi.

Yule mama wa Kangemi nilimtafuta baadaye. Amehamia kwa binti yake, mbali na mto. Nilimweleza nilichokiona juu ya mlima. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Basi waambie walio juu."

Nyinyi ndio walio juu. Nimewaambia. Tuonane Jumamosi, saa kumi na mbili kamili.