Ng'ombe Mwoga Hatulizwi kwa Fimbo

Mazungumzo kwa wafugaji wa Fort Ternan, Kaunti ya Kericho



Ng'ombe huyu anajulikana. Amenunuliwa mnadani, umbo zuri, kiwele kimejaa. Akiguswa tu, teke, na ndoo imepinduka. Siku ya tatu anafungwa miguu na kuchapwa. Mwezi hauishi anauzwa kwa hasara, na karo iliyotarajiwa kutoka kwa maziwa inaondoka naye.

Watu husema anaficha maziwa. Hafichi. Maziwa hushuka pale ubongo unapotoa homoni ya oksitosini, inayokibana kiwele kwa ndani. Ng'ombe akiogopa, mwili hutoa adrenalini, nayo huizuia kazi hiyo. Kila kiboko kabla ya kukamua ni maziwa yanayobaki ndani.

Kwanza achunguzwe. Chuchu iliyopasuka, kiwele chenye joto, kwato iliyooza: mnyama mwenye maumivu hatulii hata akiimbiwa. Aitwe afisa wa mifugo. Na mnyama mpole aliyebadilika ghafla, anayetokwa na mate au kushindwa kumeza, asishikwe kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho huwapata hata ng'ombe na punda. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja.

Akiwa mzima, kilichobaki ni woga. Kukamua hakuwezi kusubiri, kwa hivyo akamuliwe na mtu mmoja, saa zile zile, akiwa anakula. Kama ndama yupo, anyonye kidogo kwanza. Kazi yenyewe hufanyika kati ya kukamua na kukamua. Mfugaji aingie zizini mikono mitupu, aweke nyasi, asimame tu. Asitokee nyuma, kwa maana ng'ombe huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake hasa, na anayemshika asipoonekana hupata teke la haki. Aje upande wa bega akiongea polepole, Kikipsigis kinatosha. Mkono uanze shingoni, mahali ng'ombe hulambana wenyewe, ndipo ushuke mgongoni, ubavuni, mwisho kiweleni. Akisogea, mkono uondoke. Kumfuata anapokimbia ni kumhakikishia kwamba alikuwa na sababu ya kukimbia.

Nairobi, kwenye kituo cha mayatima wa tembo alichokianzisha Daphne Sheldrick, watunzaji hulala zizini pamoja na ndama waliopoteza mama zao. Lakini hupokezana, ili ndama asimzoee mtu mmoja akadhoofika siku huyo akikosekana. Nyumbani pia, ng'ombe akishamzoea mmoja, wa pili aanze kuja naye.

Punda naye huitwa kaidi. Akiogopa, mara nyingi huganda badala ya kukimbia, hasa kwenye mteremko mkali. Fimbo hapo humgandisha zaidi; akaguliwe vidonda vya mgongoni na mzigo upunguzwe. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumbebesha kupita kiasi.

Wengine hutulia kwa wiki chache, wengine kwa miezi, na ng'ombe aliyeteswa muda mrefu huenda asimzoee kila mgeni. Dalili za kutazamiwa ni ndogo: kichwa kimeshuka, masikio yamelegea, anacheua mtu akiwa kando yake. Hapo ndoo isogezwe karibu, ikiwa tupu, ainuse kwanza.