Utulivu wa Akili Katika Kazi za Kila Siku



Mkulima anayechambua maharagwe huku akiwaza karo na deni la dukani huinuka amechoka mara mbili, mikono na akili. Deni nalo halijapungua hata shilingi moja.

Akili hutulia ikipewa jambo moja. Anayechambua na achambue: ahisi punje vidoleni, asikie zikianguka sufuriani, avute pumzi polepole. Wazo la deni likija, asigombane nalo. Alitambue, kisha arudi kwenye punje. Mwaka 1979, mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa huko Massachusetts, Marekani, mazoezi ya aina hii.

Baada ya dakika kumi deni bado lipo, lakini mwenye deni anaweza kupanga: nani alipwe kwanza, nani aombwe muda.

Hata hivyo, zoezi hili si badala ya matibabu. Anayekosa usingizi au kukata tamaa kwa wiki mbili mfululizo amwone mhudumu wa afya ya jamii au afike kituo cha afya. Anayewaza kujidhuru asingoje; apelekwe siku hiyo hiyo.