Msimamizi si mwenye mali

Msikilizaji, pale Mwandiga, mkoani Kigoma, inapoanzia barabara ya Manyovu, arobaini ikiisha ukoo hukaa kikao na kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo ikimteua, wengi humwona ndiye mwenye mali. Hapana! Kanuni za mirathi za mahakama hiyo, za mwaka 1971, zinampa miezi 4 kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni, Fomu Namba 5, kisha hesabu za mirathi, Fomu Namba 6. Mjane anayeona shamba la michikichi linauzwa kimyakimya aende mahakamani aulize: orodha iko wapi? Na mtoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima stahiki yake katika mali ya mzazi.

Wasia unaweza kuhifadhiwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa Muislamu hauvuki theluthi moja ya mali.

Bima ya maisha ina njia yake: kampuni huanza na jina la mnufaika lililoandikwa kwenye mkataba. Wapo waliomwandika mama mzazi wakiwa makapera, wakaoa, wakazaa, jina likabaki lilelile. Kina mama, kina baba, fungueni mkataba huo na kulisoma jina hilo wiki hii, mwenye bima angali hai.