Shindano ya Mutoto: Sababu Gani kwa Paja?

Wamama, munauliza sababu gani munganga anapiga mutoto shindano kwa paja, hapana kwa tako.

Ndani ya tako kunapita mushipa mukubwa unaotembeza muguu. Unashuka nyuma ya paja. Mutoto mudogo hana nyama nyingi pale. Shindano ikigusa mushipa ule, muguu unaweza kulegea, mutoto akabaki kilema. Upande wa ndani wa paja kunapita mushipa mukubwa wa damu. Lakini katikati ya paja, upande wa inje, kuna nyama nene. Ni pale tunapiga shindano za chanjo za majuma 6, 10 na 14.

Basi, mama, usikubali muuza dawa wa soko apige mutoto wako shindano. Na kama kisha shindano unyayo unaanguka, umulete siku ile ile.